Maswali ya Wasomaji: Jumla ya Mahindi Imetoka Hasi

Mbukwenyi wasomaji. Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia jambo moja, namba zinazokuwa kubwa kuliko nafasi ziliyotengewa. Naanza na ya Kibaigwa na nitaijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake kuna fedha za watu.

Shikamoo mwalimu. Ninajifunza Java mwenyewe, kwa simu na kwa kompyuta ya kaka yangu. Mjomba ana ghala hapa Kibaigwa, karibu na soko la mahindi, na wafanyabiashara kadhaa wanahifadhi mzigo kwake. Nilimwandikia programu ya kuzidisha kilo kwa bei ili kupata jumla ya mauzo. Ilienda vizuri mpaka tulipoingiza msimu mzima, kilo 4,000,000 kwa shilingi 650. Ikaandika -1,694,967,296. Nikashauriwa nibadili jumla iwe long. Nimebadili, bado inatoka hasi ile ile. Mjomba anataka kurudi kwenye daftari. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Kibaigwa*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mjomba avumilie, programu yake inapona leo. Milioni nne mara 650 ni 2,600,000,000, yaani bilioni mbili na milioni mia sita, na namba hiyo haiingii kwenye int, aina ya kawaida ya namba kamili ya Java.

Int ina biti 32, na kila biti inaweza kuwa sifuri au moja tu. Biti 32 zinakupa mipangilio 4,294,967,296 tofauti, na Java inaigawa nusu kwa nusu: nusu ya namba hasi, nusu ya sifuri na namba chanya. Ndiyo maana int inaanzia -2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647. Ukivuka hapo Java haipigi kelele. Namba inafurika na kuendelea upande wa pili, kama mita ya kilomita ya pikipiki ya zamani inapomaliza 99999 ikaanza upya, isipokuwa int inaanzia upya kwenye hasi ya mbali kabisa.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, chukua aina ndogo kuliko zote, byte, yenye biti nane. Namba 127 inakaa humo kama 01111111. Ongeza moja: zinakuwa 10000000. Biti ya kwanza kushoto ikiwa moja, Java inaisoma namba kuwa hasi, kwa hiyo hiyo sasa ni -128. Yako imepita njia hiyo hiyo. Chukua kalamu, utoe 4,294,967,296 kutoka kwenye 2,600,000,000. Utapata -1,694,967,296, tarakimu kwa tarakimu. Nakuomba kweli uifanye hesabu hiyo kwa mkono, maana namba ya ajabu ukishajua imetoka wapi, siku nyingine ukiiona kwenye kioo utaitambua.

Sasa twende kwenye long, aina ya namba kamili yenye nafasi kubwa kuliko int. Aliyekushauri yuko sahihi, ila hakukufikisha mwisho. Nadhani mstari wako unafanana na huu:

long jumla = kilo * bei;

Java inaanza na upande wa kulia. Kilo ni int, bei ni int, basi kuzidisha kunafanyika ndani ya int na kunafurika humo humo. Jibu likishaharibika ndipo linahamishiwa kwenye long, na long inalipokea lilivyo. Andika hivi:

long jumla = (long) kilo * bei;

Hapo kilo inageuzwa kuwa long kabla ya kuzidishwa, na Java ikiona upande mmoja ni long inaupandisha na mwingine. Angalia sana mabano. Ukiandika (long) (kilo * bei) umerudi kule kule, kwa sababu mabano ya pili yanazidisha kwanza na kugeuza baadaye. Mimi kwako ningefanya jambo rahisi zaidi: ningetangaza kilo na bei zote mbili kuwa long tangu mwanzo, ili anayekuja kuigusa programu baada yako asiwe na pa kujikwaa. Na namba kubwa ukiiandika moja kwa moja kwenye programu, weka L mwishoni, 2600000000L, la sivyo kompaila, ile inayotafsiri programu yako kwa lugha ya kompyuta, itaikataa. Tumia L kubwa. Ndogo inafanana mno na tarakimu 1.

Nina jambo jingine la kukuambia, na kwangu ni zito kuliko kosa lenyewe. Mjomba amebahatika kupata jibu hasi. Alama ya kutoa inaonekana, mtu anashtuka, anauliza. Kama mauzo yangefika 5,000,000,000, int ingezunguka ikatoa 705,032,704. Milioni mia saba na tano, namba chanya, yenye sura ya mauzo ya kweli. Nani angeitilia shaka? Mtu angelipwa kwa karatasi hiyo. Kwa hiyo kwenye hesabu za fedha usitegemee macho. Java tangu toleo la 8, la mwaka 2014, ina Math.multiplyExact na Math.addExact. Hizi jibu likizidi nafasi zinasimamisha programu na kutoa taarifa ya hitilafu. Programu iliyosimama inaudhi, lakini haijampunja mtu.

Wasomaji wengi huniuliza kwa nini hawakufundishwa haya mapema. Vitabu na video nyingi za kuanzia zimeandikwa na watu wanaohesabu kwa dola. Humo kitabu ni dola 20, mshahara ni dola 3,000, na int inatosha kwa kurasa zote za mazoezi. Sisi shilingi yetu ina tarakimu nyingi. Bilioni mbili na milioni mia moja, mwisho wa int, haifiki hata dola milioni moja. Mwanafunzi wa Marekani anaweza kuandika programu za duka kwa muda mrefu bila kuuona ukuta huo. Wewe umeufikia na ghala moja la mahindi. Ndiyo sababu nasisitiza kwa kila anayeandika programu ya fedha hapa nchini: shilingi ni long, kuanzia siku ya kwanza, hata kama leo ni duka la vocha.

Hali inakuwa mbaya zaidi ukinakili mtindo wa vitabu hivyo wa kutunza fedha kwa senti. Wenzetu wanafanya hivyo kukwepa matatizo ya desimali, na ni mtindo mzuri. Lakini shilingi ukizidisha kwa 100, int inaishia shilingi 21,474,836 na senti 47. Tani 35 za mahindi kwa bei yako hiyo ya 650 ni 22,750,000. Zimeshavuka.

Kisha kuna mtego wa katikati ya hesabu. Tuseme unakata ushuru wa asilimia 2 kwenye malipo ya 1,200,000,000. Malipo yanaingia kwenye int. Jibu la mwisho, 24,000,000, linaingia bila shida yoyote. Lakini ukiandika malipo * 2 / 100, kuzidisha kunatangulia na kutoa 2,400,000,000, namba inafurika, na baada ya kugawanya unapata -18,949,672. Mwanzo ni salama, mwisho ni salama, kilichofurika ni hatua ya katikati ambayo jibu lake hukuliandika popote. Kwa hiyo unapochagua aina ya data, usiangalie tu unachoingiza na unachotoa. Jiulize ni namba gani kubwa kuliko zote itakayopita hapo njiani.

Na long inaishia wapi? Ina biti 64, mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2025/26, iliyosomwa hapa Dodoma bungeni, ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Ukiitunza kwa senti, long inaibeba zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Ghala la mjomba haliwezi kuimaliza. Ukipata kazi inayoimaliza kweli, kama hesabu za usimbaji fiche zenye namba za mamia ya tarakimu, Java ina BigInteger, ambayo inakua kadiri kumbukumbu ya kompyuta inavyoruhusu. Ni nzito, na huwezi kutumia alama za kawaida za kujumlisha na kuzidisha, unaita add na multiply. Kwa mauzo ya mahindi huihitaji.

Usije ukashawishika kutumia double, aina ya namba za desimali, kwa sababu inabeba namba kubwa. Ni kweli inabeba, lakini kwa kukadiria. Ukipita 9,007,199,254,740,992 inaanza kuruka namba kamili, na zile senti za desimali haizishiki sawasawa hata kwenye namba ndogo.

Habari za kazi, mwalimu. Sisi tunatumia Python, na ndani ya Python nimeandika 2 ** 64, yaani 2 kwa kipeo cha 64, ikanipa 18446744073709551616 bila ubishi. Kwa nini basi nisumbuke kujifunza int na long? Wenzangu wa Java wanalalamika kila siku.
*Mwanafunzi, Makulu, Dodoma*

Nzuri, ahsante. Umeona sawa, namba kamili ya Python haina mwisho maalumu. Python unayoitumia, kwa kawaida ni ile iliyoandikwa kwa lugha ya C, inaikata namba kubwa vipande vya biti 30 kila kimoja na kuongeza vipande inapohitaji. Unalipa kwa kasi na kumbukumbu, na kwa anayeanza ni bei nzuri.

Lakini namba zako hazitabaki ndani ya Python maisha yao yote. Siku utakayoanza kuchambua data utatumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, na safu za NumPy zina aina zenye biti maalumu kama zilivyo za Java. Weka 2 ** 62 kwenye safu ya int64, zidisha kwa 2, itakurudishia -9223372036854775808, kimya kimya. Siku utakayohifadhi kwenye hifadhidata utakuta safu za INT na BIGINT, biti 32 na 64. Siku utakayotuma namba kwenye ukurasa wa intaneti, JavaScript itaipokea kama double, na zaidi ya 9,007,199,254,740,991 haikuhakikishii kwamba tarakimu za mwisho zitabaki kama ulivyozituma. JavaScript nayo ina BigInt tangu 2020, namba inaandikwa na n mwishoni, ila lazima uiombe.

Hata ndani ya Python yenyewe kuna mlango mmoja uko wazi. Andika 9007199254740993 / 1. Utapata 9007199254740992.0, moja imepotea. Alama moja ya kugawanya inaleta namba ya desimali hata kama zote mbili ni kamili. Ukitaka ibaki kamili tumia alama mbili, //.

Fanya zoezi hili pamoja na hao wenzako wa Java. Andikeni programu ya faktoria, yaani kuzidisha 1 mara 2 mara 3 na kuendelea, kwa lugha zote mbili, mkiweka majibu bega kwa bega. Kwa int, 12 itatoka sahihi, 479,001,600. Kwenye 13 Java itasema 1,932,053,504 na Python itasema 6,227,020,800. Mkibadili kuwa long mtafika salama mpaka 20, na 21 itavunjika. Wakati mwenzako anatafuta kosa lake wewe utakuwa na jibu sahihi la kumlinganishia, na hiyo ni kazi nzuri ya Python hata kwa mtu anayeandika programu zake kwa lugha nyingine.

Mkihamia C kwenye kozi zenu, jihadharini na neno long. Kwenye Linux ya biti 64 ni biti 64, kwenye Windows ni biti 32, na programu ile ile inatoa majibu mawili kwenye kompyuta mbili za maabara moja. Tumieni int64_t, ambayo imeandikwa ukubwa wake kwenye jina. Na katika C, namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa hasi, ikifurika lugha haiahidi lolote, hata ule mzunguko wa Java haumo kwenye mkataba.

Dada, habari za Dodoma? Mimi ni karani wa SACCOS hapa Singida. Tunahamisha daftari la wanachama kwenda kwenye kompyuta. Kwanza tuliweka namba za NIDA kwenye Excel, sasa tarakimu tano za mwisho zimekuwa sifuri kwa kila mtu. Halafu kijana anayetusaidia ametengeneza hifadhidata ya MySQL, na simu za wanachama wote zinaonyesha 2147483647. Anasema tubadili iwe namba kubwa zaidi. Ipi?
*Karani, Singida*

Dodoma salama, kaka. Nitakupa jibu kabla ya sababu: zote mbili ziwe maandishi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na inaanza na mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inaziandika sifuri, ndiyo hizo tano zako. Tena hazirudi kwa kubadilisha muundo wa seli, zimefutika. Itabidi mzichukue upya kwenye vitambulisho au fomu. Safari hii chagueni seli kwanza, muziweke kuwa maandishi, ndipo muandike.

Kijana anadhani BIGINT itatosha. Mwambie apige hesabu na mimi. BIGINT isiyo na alama, yaani isiyobeba namba hasi, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Nayo ina tarakimu 20, kwa hiyo kwa haraka unaweza kuona inafaa. Lakini mwanachama aliyezaliwa 1989 namba yake inaanza 1989, na 19 inazidi 18. Ili namba ya NIDA iingie humo, mwenye nayo awe amezaliwa mwaka 1844 au kabla ya hapo.

Simu ni hadithi ya aina hiyo hiyo. 255 na tarakimu tisa zinazofuata ni bilioni mia mbili hamsini na tano na zaidi, na INT inaishia bilioni mbili. MySQL yenye mpangilio wa zamani, ikipewa namba isiyoingia, inaandika kubwa kuliko zote inayoiweza, 2147483647, na kuendelea. Tangu toleo la 5.7 kwa kawaida inakataa na kusema namba imezidi, basi aangalie kama ukali huo umezimwa na auwashe. Namba hiyo mkikutana nayo tena popote kwenye mfumo, imejirudia safu nzima, mjue INT imejaa. Na mkiandika simu kwa kuanzia 07, aina yoyote ya namba itaifuta ile sifuri ya mbele.

Kipimo changu ni kimoja. Kuna siku SACCOS itajumlisha namba za NIDA za wanachama, au kutafuta wastani wa simu zao? Haipo. Kitu ambacho hakijumlishwi ni maandishi hata kama kimeandikwa kwa tarakimu tupu. Wekeni NIDA kwenye CHAR(20), bila vistari, na simu kwenye VARCHAR(15). Ile namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali yenye tarakimu 12, nayo ni hivyo hivyo. Akiba, hisa na mikopo ndizo ziwe BIGINT, maana hizo mtazijumlisha kila jioni.

Kwa kuwa mnashika vitambulisho vya watu, muwe na nywila kwenye faili hilo na msilirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Shikamoo mama. Ni kweli kompyuta zitagoma mwaka 2038?
*Mwanafunzi wa sekondari, Mpwapwa*

Marahaba. Zitakazopata shida ni zile zinazohesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 ndani ya namba ya biti 32 yenye alama. Sekunde hizo zitafika 2,147,483,647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma Desemba 1901.

Simu na kompyuta za sasa nyingi zinatumia biti 64 kwa muda, na hizo zina nafasi ya mabilioni ya miaka. Wasiwasi uko kwenye mitambo inayokaa muda mrefu bila kuguswa, na kwenye hifadhidata zilizotengenezwa zamani. Vihesabu vya muda vimeshawahi kusumbua: mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme na kuwashwa upya kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwa sababu kihesabu kimoja kwenye mfumo wa umeme kilikuwa kinafurika hapo. Gawanya 2,147,483,648 kwa 100, kama sehemu za mia za sekunde, kisha kwa sekunde 86,400 za siku moja, uone unapata ngapi.

Kama unajifunza Java, System.currentTimeMillis tayari inakupa long. Usiipeleke kwenye int. Na kama unatengeneza jedwali la shule lenye tarehe za ada, mkopo au mkataba, jaribu kuingiza tarehe ya mwaka 2040 leo. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaoanza sasa unavuka 2038, kwa hiyo programu za benki zimeshalazimika kuuhesabu mwaka huo.